Bibi Aliuliza Kumbikumbi

Novemba 2005 nilikuwa nimemaliza mtihani wa kidato cha nne, nikapelekwa kwa bibi Muheza kwa kisingizio cha kumsalimia. Ukweli ni kwamba nyumbani nilikuwa nakula bure, na kule kulikuwa na shamba. Bibi mzaa mama, Mbondei, alikuwa na ekari mbili hivi chini ya vilima vya Amani. Mjomba alikuwa na yake pembeni. Debe la mbegu ya mahindi lilikaa chini ya kitanda cha bibi, limefunikwa sahani ya bati, juu ya sahani kuna jiwe.

Asubuhi moja dudumizi akaanza kulia kichakani nyuma ya migomba. Msomaji wa pwani anamjua, na wengine humwita tipitipi: ndege mzito, mabawa rangi ya kutu, macho mekundu, mvivu wa kuruka. Sauti yake inashuka haraka haraka, du-du-du-du-du, kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye kibuyu chenye shingo nyembamba. Mjomba alikuwa anakunywa chai barazani. Akaweka kikombe chini. "Mama, unamsikia mwenyewe? Mvua hiyo."

Na kweli, usiku ule ikanyesha. Si manyunyu, mvua ya kugonga bati hadi tukashindwa kuongea. Kulipokucha mjomba alishakuwa shambani na mkewe na wanawe. Mimi nami nikachukua jembe nikaenda kwa bibi kuomba debe, maana niliona tunachelewa.

"Weka chini hilo jembe," akasema. "Kumbikumbi wako wapi?"

Nikadhani anatania. Akatoka nje, akanionyesha kichuguu cha pembeni ya choo. Kimelowa juu, basi. Hakuna tundu jipya, hakuna bawa hata moja lililoanguka. Akachomeka kidole ardhini, kikaingia mpaka pingili ya pili kikagonga ukavu. "Huyu ndege analia kwa shida zake," akasema, kisha akarudi ndani.

Mahindi ya mjomba yaliota vizuri sana. Siku ya nane shamba lote lilikuwa kijani. Halafu mvua ikakaa kimya wiki moja, mbili, tatu, na miche ikajikunja kama sigara. Vuli ile ilifeli karibu Afrika Mashariki nzima. Kufikia mwanzo wa 2006 serikali ya Kenya ilikuwa imetangaza ukame kuwa janga la kitaifa, na huku kwetu maji ya mabwawa yakashuka mpaka nchi ikaingia kwenye mgawo wa umeme. Debe la bibi lilibaki limejaa. Ifikapo Februari tulikuwa tumeanza kula mbegu hiyo kwa kupimiana na kikombe.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama ushindi. Nilikisimulia chuoni, nilikisimulia kwenye daladala, kila mara kwa namna ileile: eti wazee wetu walijua kuliko redio, eti mzungu na setilaiti zake kashindwa na mbondei mmoja na kichuguu. Watu hupenda hadithi ya hivyo. Nilipoanza kusoma habari za hawa viumbe kwa utulivu nikagundua kwamba nilikuwa namsingizia bibi. Hakuwahi kusema mvua haitakuja. Mjomba ndiye aliyekuwa anauliza habari za mbinguni. Bibi aliuliza swali la ardhini.

Tuanze na dudumizi, maana ndiye anayelaumiwa. Ni kweli hulia sana majira ya mvua yanapokaribia, na sababu yake ni tumbo na ndoa. Dudumizi huzaliana mvua zinapokuja, kwa kuwa makinda yake hulishwa panzi na vyura, na panzi na vyura hujaa nyasi zikiota. Watafiti kutoka Ujerumani wamewafuatilia ndege hawa na jamaa yao, dudumizi mweusi, kwa miaka mingi katika nyanda za Usangu, Mbeya. Kwa dudumizi mweusi mambo yako kinyume na tulivyozoea: jike ndiye anayelinda eneo na kuwa na waume kadhaa, na kila mume analalia mayai na kulea peke yake. (Nilimweleza mjomba jambo hili. Hakulifurahia.) Kwa hiyo ndege anapolia kichakani anatangaza eneo lake na kumtafuta mwenza, na unyevu hewani ndio unaomchokoza. Unyevu ukipanda, uwezekano wa mvua nao unapanda. Hapo mkulima hajakosea hata kidogo. Lakini wimbo haumgharimu ndege kitu. Mvua isipokuja, kesho atalia tena.

Kumbikumbi hana anasa hiyo. Ndani ya kichuguu wale wenye mabawa hukomaa mapema wakakaa wakingoja. Wafanyakazi huwatobolea njia za kutokea, na njia zinaweza kulindwa siku nyingi bila mtu kutoka. Wakitoka, wametoka mara moja: huruka, hutua, hukatika mabawa, kisha dume na jike hutafuta mahali pa kuchimba ili waanze kichuguu kipya. Ardhi ikiwa kavu na ngumu hawachimbi, na wasipochimba wataliwa au watakauka jua likitoka. Kwa hiyo kumbikumbi wengi tunaowala hutoka baada ya mvua, tena mvua ya kulainisha udongo kwa kina. Wapo wanaoruka usiku na wapo wa mchana, kila aina na saa yake, ila sharti la udongo liko palepale.

Sasa angalia. Punje ya hindi inahitaji nini? Inahitaji udongo ulioshiba maji mpaka chini, ili mzizi ukishuka usikutane na vumbi. Kile ambacho jozi ya kumbikumbi inahitaji ili iishi ndicho ambacho punje inahitaji ili iote na kuendelea kuishi. Bibi hakuwa anamwomba mdudu habari za wiki ijayo. Alikuwa anamtumia kama kipimo cha udongo ambacho hakinunuliwi dukani, na kile kidole chake kilikuwa cha kuhakiki.

Nadhani hapa lugha yetu yenyewe imetuchanganya. Siku hizi kila kitu tunakiita utabiri: utabiri wa hali ya hewa, utabiri wa jadi, utabiri wa wanyama. Neno hili tulilipata kwa Waarabu, na asili yake ni kufasiri ndoto. Anayetabiri anasema lijalo. Sikumbuki bibi akilitumia kwa ndege wala mdudu. Alisema "dalili", kama daktari anavyosema juu ya homa. Homa haitabiri ugonjwa, inakuambia umo. Tulipoanza kuandika elimu ya wazee kwenye ripoti tukaibandika neno utabiri, na kuanzia hapo tukaanza kuipima kwa mtihani ambao haikuwahi kujiandikisha kuufanya.

Kwa nini watu wa pwani walihitaji wadudu, ilhali walikuwa na kalenda? Swali hili lilinisumbua zaidi ya yote. Kalenda ya Kiislamu haifai kwa kilimo, kila mtu anajua, kwani mwaka wake wa siku 354 hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, na Ramadhani huzunguka majira yote. Ndiyo maana pwani ilikuwa na mwaka wa pili, mwaka wa jua, unaoanzia Nairuzi, neno lililotoka Uajemi. Makunduchi bado wanausherehekea Julai kwa Mwaka Kogwa, wakipigana kwa migomba na kuchoma kibanda. Kutoka siku hiyo watu walihesabu kwa miongo, siku kumi kumi: miongo 36 ni siku 360, jumlisha 5, unapata 365. Manahodha walijua ni mwongo gani kaskazi huanza kuvuma na mwongo gani kusi hufunga bahari. Wakulima nao walikuwa na miongo yao ya kufyeka na ya kupanda.

Hesabu nzuri, ila ina tundu. Mwaka wa jua una takriban robo siku zaidi ya hizo 365. Bila siku ya ziada kila mwaka wa nne, Nairuzi hurudi nyuma siku moja kila miaka minne dhidi ya jua. Hizo ni siku 25 kwa karne. Maana yake, mkulima aliyerithi kwa babu wa babu yake kanuni kwamba "mwongo fulani panda", akaishika kama amri, angekuwa anapanda karibu mwezi mzima kabla ya wakati. Na bado watu hawakufa njaa kwa ajili ya hesabu. Naamini, na hili ni langu, kwamba kumbikumbi na wenzake ndio waliokuwa wakiirekebisha kalenda. Mwongo ulikuambia ukae tayari, ufyeke, unoe jembe. Mdudu ndiye aliyekuambia sasa. Kanuni ya mwongo ikianza kupishana na mdudu, wajukuu waliihamisha kanuni bila hata kutambua kwamba wameihamisha.

Lakini nisije nikaonekana nasema viumbe wote ni vipimo vya udongo. Yuko mmoja ambaye anasafiri na mvua yenyewe, na huyo ni kerengende.

Utotoni tulikuwa tunawakamata na kuwafunga uzi mkiani, wakaruka nao kama tiara. Bibi alitukataza, kwa sababu eti ndio wanaoivuta mvua. Nikaona ni maneno ya kuwatisha watoto. Kumbe kuna kerengende mmoja wa rangi ya dhahabu, Pantala flavescens, ambaye huzaliana hasa kwenye madimbwi ya muda, yale yanayokauka baada ya wiki chache. Anayetaga kwenye madimbwi ya muda hana budi kuifuata mvua. Charles Anderson, mwanabiolojia aliyekuwa akiishi Maldives, alishangaa kwamba kila Oktoba mamilioni ya kerengende hushuka kwenye visiwa ambavyo havina maji baridi ya kuwatosha kuzaliana. Akafuatilia tarehe kwa miaka, kusini mwa India, Maldives, Shelisheli, hadi huku, na mwaka 2009 akachapisha hoja yake: wanavuka Bahari ya Hindi kutoka India kuja Afrika Mashariki, juu kwa juu, wakibebwa na upepo unaoandamana na ukanda wa mvua unaposhuka kusini. Kwenda na kurudi, kwa vizazi kadhaa, alikadiria kilomita 14,000 hadi 18,000. Wenyeji wa Maldives wao walishajua sehemu yao ya habari: kerengende wakifika, pepo za kaskazi-mashariki zimekaribia.

Ni kaskazi yetu hiyo. Ile ile iliyoleta majahazi Mombasa, Pangani na Unguja.

Nyuma ya kerengende anakuja kozi wa Amur, ndege wa gramu 150 hivi anayezaliana Siberia ya mashariki na kaskazini mwa China. Hutua kaskazini-mashariki mwa India kwa maelfu, kisha huvuka bahari na kufika Afrika Mashariki mwishoni mwa mwaka, akielekea kusini. Mwaka 2013, huko Nagaland, watatu walifungwa vifaa vya setilaiti, wakafuatiliwa wakiikata Bahari ya Uarabuni bila mahali pa kutua. Anakula nini akifika? Kumbikumbi, pamoja na hao kerengende. Hivyo mzee anayesema makozi wakionekana juu ya shamba mvua ipo karibu hasemi uchawi. Anaeleza mnyororo wa chakula uliofungwa kwenye upepo mmoja.

Wazungu nao walikuwa na zao, tusijidharau. Mwaka 1851, kwenye Maonyesho Makuu ya London, daktari mmoja wa Whitby, George Merryweather, alileta chombo cha chupa 12, kila chupa na ruba wake. Dhoruba ikikaribia ruba hupanda juu ya chupa, hugusa kijiti, kengele inalia. Aliamini serikali itaweka vyombo vyake pwani nzima ya Uingereza. Haikuweka. Miaka kumi baadaye Admirali FitzRoy alikuwa anachapa utabiri magazetini kwa kutumia vipimo na simu za waya, ruba wakarudi kwa waganga. Mimi humwonea huruma Merryweather, ila kosa lake ni lile lile la mjomba: alitaka mnyama mmoja aseme kila kitu.

Huku kwetu hadithi ilikuwa ngumu zaidi. Wajerumani walianza kupima mvua mapema, na taasisi yao ya Amani, iliyofunguliwa 1902 juu ya vilima nilivyovitaja, ilikuwa inaandika milimita wakati mama yake bibi akiangalia kichuguu kule bondeni. Mwaka 1929 Waingereza wakaanzisha idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki, makao makuu Nairobi. Wakati huohuo aliyejiita mjuzi wa mvua alikuwa kwenye hatari ya sheria. Kenya ilikuwa na sheria ya uchawi ya 1925, na ukoo wa Nganyi wa Bunyore, Vihiga, uliojulikana kwa elimu ya mvua, ukalazimika kufanya mambo yake kwa kificho. Wao huangalia miti inavyochipua, siafu, nyuki, vyura, ndege, upepo, kisha hukaa wakalinganisha. Ulinganishaji huo ndio uliopotea kwenye macho ya hakimu. Yeye aliona mtu na mti.

Ilibidi ifike 2008 ndipo wazee wa Nganyi walipoketi meza moja na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya na kituo cha kikanda cha tabianchi cha Nairobi. Kila upande ulileta makadirio yake ya msimu, wakajadiliana, wakatoa kauli moja kwa wakulima. Tanzania nayo, mwaka 2010, Ladislaus Chang'a na wenzake walichapisha uchunguzi wao kutoka Rungwe na Kilolo, na waliyoyakuta yangemchekesha bibi kwa kuwa ni ya kila siku: miti inayotoa maua, wadudu, ndege. Nimefurahi kwamba kazi hizi zipo. Kitu kimoja tu kinanikera. Kwenye maandishi mengi ya aina hii elimu inageuka jedwali, safu ya kwanza kiumbe, safu ya pili maana yake. Siafu, mvua. Vyura, mvua. Dudumizi, mvua. Ukimpa mjomba jedwali hilo atapanda tena asubuhi ileile.

Inabaki vuli ya 2010, ambayo zamani sikuisimulia kwa sababu inaharibu hadithi.

Nilikuwa Dar es Salaam, nimeshapata kazi. Bibi alinipigia Novemba, sauti ya juu kama kawaida yake kwenye simu, akaniambia kumbikumbi wametoka jioni mbili mfululizo, wamekaanga wamekula, na kidole kimezama chote. Amepanda. Hata mjomba safari hii alingoja ruhusa yake. Nikamwambia redioni wamesema vuli itakuwa ya chini ya wastani maeneo mengi. Akanijibu redio haijafika shambani kwake.

Mvua ikakata mwanzoni mwa Desemba. Mahindi yalikuwa magotini. Ekari mbili za bibi na moja ya mjomba zote zikaenda, na debe safari hii lilikuwa tupu, kwa sababu alikuwa ameamini.

Nilipiga simu siku niliyosikia. Nikiri kwamba ndani yangu kulikuwa na kitu kinataka kumwuliza, sasa je, hao wadudu wako? Nilikuwa nimeshakuwa mtu wa kusoma makala. Sikuuliza moja kwa moja, nikazunguka: "Bibi, lakini si kumbikumbi walitoka?"

"Walitoka."

"Sasa mbona..."

"Nao wamekufa, mwanangu. Nimechimba pale chini ya mwembe walipoingia, nimekuta wamekauka wawili wawili."

Kimya kidogo. Nikasikia kuku wake.

Halafu akaniambia nimtumie hela ya mbegu kwa ajili ya masika, kilo kumi, na nisimtumie mjomba maana ataipeleka kwingine. Zile za muda mfupi, akasisitiza, zinazowahi. Nikatuma jioni ile ile.